Pa Kulilia

Mimi ndiye niliyemfundisha Evelina kwenda kulia kwenye misiba ya watu, na wala sijuti. Wengine huwafundisha wenzao kusuka mikeka. Kila mtu na ufundi wake.

Evelina ni jirani yangu hapa mtaa wa Lipangalala, Ifakara, mke wa Hilari. Huyo Hilari alikuwa mwendesha mashine ya kukoboa mpunga, mtu wa miraba minne, anabeba gunia kama wewe unavyobeba mto wa kulalia. Mwaka juzi wakati wa mavuno akaanguka palepale mashineni, pumba zimemjaa kichwani. Kiharusi. Upande wa kulia ukafa, na maneno yote yakamtoka isipokuwa moja: "Haya." Ukimuuliza ana njaa, haya. Ukimuuliza ameshiba, haya. Ukimwambia nyumba inaungua, haya. Mume wa namna hiyo wengi wetu tungempenda, ila awe na miguu.

Utani kando. Tangu siku ile Evelina akawa mikono na miguu ya mtu mwingine. Kumgeuza, kumwosha, kumlisha uji kwa kijiko na kumfuta unaomwagika, kufua mashuka ambayo hayakauki wakati wa masika. Mtu amelala lakini hafumbi macho, anakufuata kwa jicho chumba kizima. Evelina akakonda, kanga ikawa inamzunguka mara mbili. Akawa anasahau sufuria jikoni. Siku moja nilimkuta amesimama uani na ndoo tupu, nikamuuliza anakwenda wapi, akaniambia, "Bibi, hata mimi nilikuwa najiuliza."

Nikamkokota kwenda kupima. Presha ilikuwa juu kiasi kwamba nesi alipima mkono wa pili akidhani wa kwanza umekosea. Nesi mwenyewe binti mpole. Akamwambia: "Mama, una msongo wa mawazo. Na wewe lazima ujitunze, la sivyo mtalala kitandani wawili, na wa kuwageuza hatakuwepo. Tembea kidogo kila siku. Kula kwa wakati. Ongea na mtu unayemwamini. Na ukitaka kulia, lia, usiyafungie moyoni."

Maneno mazuri kabisa, na Evelina aliyashika. Akaanza kutembea hadi kisima cha mbali badala ya cha karibu. Chakula nikawa namsimamia mimi mpaka amalize, kama mtoto. Kuongea nipo, ingawa mimi na kusikiliza tuna ugomvi wa zamani. Likabaki hilo la kulia.

"Nilie wapi, Bibi?" akaniuliza tukiwa njiani.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kwetu huku hakuna anayeketi kumlilia mtu anayepumua. Ni kumchuria. Ukimlilia aliye hai umekionyesha kifo njia, umekifungulia na mlango. Tumelelewa hivyo wote, hata sisi tunaopiga ishara ya msalaba kila tukipiga miayo. Na wifi yake Evelina, Agnella, dada wa Hilari anayekaa Uchindile, alikuwa ameisimika sheria hiyo ndani ya nyumba kama nguzo. Agnella si mtu mbaya, tuelewane. Alimpenda kaka yake kwa upendo wa mtu anayekuja mwisho wa mwezi na treni: anakuja na maharage, anakaa usiku mmoja, anaona kila kilichokosewa. Mara ya kwanza alipomkuta Evelina na macho mekundu alimshika bega akamtoa nje.

"Wifi, unamwita nani humu ndani?"

"Moshi tu, wifi."

"Moshi gani, na jiko halijawashwa?"

Basi Evelina akatafuta pengine. Akalia chooni, lakini choo chetu kimepakana na cha kina Antoni, na mkewe Noela akagonga ukuta kuuliza kama tumbo linamsumbua. Akalia njiani, bodaboda akasimama, "Mama, nani kakuibia?" Akajaribu kanisani, walezi wa kwaya wakamzunguka kumwombea, ikabidi anyamaze kwa adabu. Mtu mzima, mji mkubwa huu, amekosa pa kulilia.

Mimi nilipapata nikiwa natoka kununua dagaa. Nilipita Viwanja Sitini, kuna turubai, kuna wanaume kwenye viti vya plastiki, na wanawake wanaingia ndani kanga vichwani wanapaza sauti. Hakuna anayemuuliza mwenzie kwa nini analia. Ukilia sana unaletewa maji. Ukizidi unashikwa mkono. Ukimaliza unapewa chai. Nikasimama na dagaa wangu, nikasema loo, kumbe papo.

Nikamfuata Evelina. "Vaa kanga mbili. Tunakwenda msibani."

"Nani kafa?"

"Kwani ni muhimu?"

Nilimpa masharti kabla hatujafika, maana kila kazi ina taratibu zake. Nikamwambia, ingia umeinama. Anza chini, panda polepole, usiingie na kilio cha juu kama mwenye mali. Kaa karibu na mlango. Usigombanie nafasi ya ndugu. Osha vyombo kabla ya kuondoka, ndiyo malipo ya machozi. Na kubwa kuliko yote: usitaje jina. Sema "jamani," sema "mama yangu," sema "dunia hii." Hapo huwezi kukosea hata kama aliyelala ni askofu.

Mara ya kwanza aliona haya, akalia kidogo kama paka. Mara ya pili likamtoka. Alilia nikaogopa mimi mwenyewe, mgongo unapanda na kushuka, mwanamke wa pembeni akamkumbatia akisema, "Lia mwanangu, tulikuwa tunampenda wote." Tukarudi. Akafika nyumbani akamgeuza Hilari, akala ugali wake wote, akalala hadi jogoo.

Basi ikawa desturi. Noela alikuwa anakaa na Hilari kidogo jioni, sisi tukimwambia tunakwenda kwenye sala za jumuiya, na kwa kweli sala zilikuwemo. Misiba haikosekani, hilo nalo ni huzuni yake. Mto, homa, pikipiki, uzee. Presha ya Evelina ikaanza kushuka. Nesi akafurahi, akamuuliza anafanya nini, Evelina akasema, "Natembea." Hakudanganya. Misiba mingi ilikuwa mtaa wa Kibaoni, na Kibaoni si karibu.

Msiba uliotuharibia ni wa Spoku wa Kibaoni, fundi baiskeli wa pale karibu na soko. Mji mzima ulimjua Spoku. Amenyoosha rimu za Ifakara hii tangu baiskeli zilipokuwa mali. Jina lake la ubatizo sikulijua wala sikuwahi kumsikia mtu akiuliza. Mtu akishaitwa Spoku, la padri la nini?

Asubuhi ya siku ile Evelina alikuwa amemgeuza Hilari akakuta kidonda cha nyonga, kile cha kulala muda mrefu, kimefunguka hadi mfupa unaonekana. Alikisafisha. Aliponionyesha kitambaa nilikwenda kukaa nje. Njia nzima ya Kibaoni hakusema neno, na mimi, kwa ujinga wangu, nikamsimulia habari za kuku wangu.

Tukaingia. Hakuinama. Hakuanzia chini. Alipovuka kizingiti tu akajitupa chini na sauti ikatoka:

"Hilari! Hilari wangu! Umeniacha na nani, Hilari? Ungesema hata neno jingine moja, Hilari, neno moja tu!"

Nikamfinya paja. Kama nafinya gunia.

Chumba kikanyamaza. Kilio cha msibani hakinyamazi ghafla hivyo mpaka pawe na jambo. Kule kona kwenye godoro, mjane, mama mmoja mnene anayeitwa Rosemery, akaondoa kanga usoni.

"Nani huyo?"

Wanawake wakageuka kumtazama Evelina.

"Nauliza, nani huyo anayemwita mume wangu Hilari?" Akainuka kwa magoti. "Mume wangu mji mzima unamwita Spoku. Mama yake mzazi alikuwa anamwita Spoku. Jina la Hilari namwita mimi, tena mlango ukishafungwa. Wewe mama umelitoa wapi?"

Jamani! Nimeishi miaka mingi lakini "mmh" ya wanawake walioijaza nyumba ile sijapata kuisikia tena. Aliyekuwa anapakua wali nje aliacha upawa ndani ya sufuria akaja dirishani.

Nikasimama. "Samahanini, ndugu zangu. Huyu mume wake naye anaitwa Hilari. Amechanganya majonzi."

"Kumbe naye kafiwa?" akasema mmoja kwa huruma. "Lini?"

Mimi tangu nianze kusema sijakosa jibu. Siku hiyo nikalikosa.

"Hajafa," Evelina akasema palepale chini alipokuwa. "Yuko nyumbani. Amelala."

Waliokuwa karibu naye wakavuta mikeka yao. Mmoja akamnyanyua mtoto wake akampeleka chumba kingine. "Anamlilia mzima!" likasikika, likapita hadi kwa wanaume nje. Na Rosemery, macho yamevimba, akasema taratibu, "Mume wake yuko nyumbani. Halafu anamlilia wa kwangu, kwa jina langu la chumbani. Sasa mimi nielewe nini?"

Tukatoka. Nilivaa ndala moja ya bluu na moja ya kijani, sikurudi kuuliza. Nyuma yetu msiba uligawanyika: nusu wakisema yule alikuwa hawara wa Spoku, nusu wakisema yule anamwita mumewe kaburini. Kabla hatujafika Lipangalala, simu ilishafika Uchindile.

Agnella akaja na treni, na safari hii hakuja na maharage. Alikuja na Anselim, kaka yao mkubwa, mzee wa kanisa, mtu wa kusema polepole. Wakasema watakaa kikao kesho yake, na Hilari ataondoka nao kwenda Uchindile. Evelina alijua maana yake. Agnella anashinda kwenye mashamba ya miti, anatoka alfajiri, anarudi jua limezama. Hilari angelala pale chumbani upande uleule, peke yake, mpaka jioni. Na kidonda kile.

"Atamaliza mwezi?" Evelina akaniuliza.

Sikumjibu hilo. Nilimjibu jingine. "Sikiliza. Kesho sema ulikuwa na Spoku."

"Bibi!"

"Bwana mwenyewe kafa, hatakanusha. Watakutukana, utapiga magoti, wataomba faini ya mbuzi, yataisha. Mwanamke mwenye hawara nimeshaona akisamehewa. Anayemchuria mumewe sijaona. Ukisema ulikuwa unamlilia Hilari wako, wanamchukua."

Akafikiri. Niliona kabisa anafikiri, maana aliacha kukamua shuka.

"Na yule mjane?"

"Yule hata hakujui."

"Bibi, yule wa kwake kazikwa. Amebaki na jina la chumbani tu. Nimnyang'anye na hilo?"

Nikanyamaza. Ilikuwa mara ya pili wiki ile, nikaanza kuihofia afya yangu.

Kikao kikakaliwa chumbani kwa Hilari, kwa kuwa Agnella alitaka kaka yake asikie. Anselim kwenye kiti, Agnella kwenye ndoo iliyogeuzwa, mimi mlangoni ambako sikualikwa. Hilari alikuwa ameegemezwa mito, uso nusu umeshuka, jicho likienda kwa kila anayesema.

"Shemeji," Anselim akaanza, "maneno ni mengi, sisi tunauliza moja. Uliyekuwa unamlilia kule Kibaoni ni nani?"

"Huyu," Evelina akasema.

Agnella akapiga mapaja. "Umesikia, kaka? Anasema mwenyewe!"

"Namlilia huyu. Na si Kibaoni tu. Nimemlilia Mlabani, nimemlilia Viwanja Sitini, nimemlilia kwenye matanga ya watu nisiowajua hata sura." Hakupaza sauti. "Wifi, mimi nimekaa na wajane wengi mwaka huu. Nawaonea wivu. Mungu anisamehe. Wao mume ameondoka, wanaambiwa pole, wanaambiwa lia. Wangu ameondoka namwona yuko hapa, ananitazama, na naambiwa nicheke. Namgeuza, nauona mfupa wake, halafu naambiwa ni moshi. Mimi nitapasuka. Nesi kaniambia nitapasuka. Nikipasuka huyu anabaki na nani?"

"Ndiyo umwitie kifo?"

"Wifi, kifo kinapajua hapa. Kilikuja mashineni, kikachukua nusu."

Agnella akafungua mdomo kujibu. Halafu tukasikia sauti ambayo sikujua inatoka wapi. Nilidhani ni ndama wa jirani. Ilikuwa inatoka kitandani. Hilari alikuwa amefungua mdomo ule upande unaofunguka, na machozi yanamtiririka, na kifua chote kinaruka. "Haya," akawa anasema. "Haya. Haya. Haaaya." Akatoa mkono wa kushoto akaishika kanga ya Evelina, akaivuta.

Evelina akapanda kitandani na viatu vyake. Akakishika kile kichwa, akaanza kulia, si kilio cha masharti yangu, kilio cha mwenye msiba. Wakalia wote wawili. Miaka miwili ilikuwa imekaa mle ndani ikisubiri. Mimi kuona kilio nikakaa nje siwezi, nikajiunga. Na Anselim, mzee wa kanisa, akavua kofia akaiweka usoni. Hata Agnella nilimwona, anafuta mashavu kwa hasira kama anafukuza nzi.

Sasa, nyie mnajua kilio kikipanda namna ile katika nyumba yenye mgonjwa watu wanaelewa nini.

Wa kwanza alikuwa Noela, mkeka kwapani na sufuria kubwa kichwani, anaomboleza tangu getini. Nyuma yake wanawake wa mtaa mzima. Uani nikasikia viti vinashushwa, mtu anauliza kwenye simu kama turubai la jumuiya liko kwa nani. Akaingia Antoni, mume wa Noela, mzigo wa kuni begani, machozi yanamtoka kweli. "Pole sana, Mama Evelina. Hilari alikuwa mtu wa watu. Mtu wa watu kabisa. Mungu amempenda za—"

"Haya," Hilari akasema.

Kuni zote zikaanguka kwenye mguu wa Anselim.

Sikucheka. Nasema hivyo ili iandikwe mahali, maana Noela anaeneza kuwa nilicheka. Nilijishika mlango tu. Hilari aliwatazama waliojazana dirishani, mmoja mmoja, wote wale ambao hawakukanyaga chumba kile tangu alipoanguka, na upande mmoja wa mdomo wake ukapanda. Kama kile kilikuwa kicheko, ndicho kicheko kibaya kuliko vyote nilivyoona. Antoni akainamisha kichwa.

Agnella akasimama. Akamtazama Hilari, kanga ya mkewe bado iko mkononi mwake, na mji mzima uani umeleta mikeka. Niliona mkono wa Agnella unakwenda kwenye begi lililofungwa tayari la nguo za Hilari, kisha unarudi. Mtu aliyekwisha kuliliwa, na waombolezaji wakaja, hakumtaka tena ndani ya nyumba yake. Aliogopa. Hata mimi ningeogopa.

"Sawa," akamwambia Evelina. "Umemzika anakutazama. Kaa naye. Lakini siku akifa, nitajua ni nani aliyekiita kifo. Na mimi hapa sifiki tena."

Akaondoka, Anselim akimfuata anachechemea. Na kweli hajafika tena. Maharage yamekoma, na vocha ya simu, na ile siku moja ya mwezi ambayo Evelina alikuwa analala usiku mzima kwa sababu kuna mtu mwingine ndani.

Majirani wakabaki wamesimama na aibu yao. Kuni hakuna aliyetaka kuzirudisha nyumbani. Kuni zilizopelekwa msibani nani atapikia watoto? Zikaachwa uani rundo. Na wanawake, kwa kuwa walikuja wamejifunga kwa kazi, wakafanya kazi. Walifua mashuka yote. Walipika. Waliochota maji ya kuoshea maiti wakamwogesha nayo Hilari, yuko hai, anasema haya, haya, na Noela akakiona kidonda, akatoka nje akatapika, akarudi akaendelea. Jioni wakatawanyika. Wengi hawakurudi. Antoni anakuja Jumamosi kumnyanyua, na Noela bado anashika zamu ya jioni. Basi, hao.

Misibani hatuendi tena. Huko tumefungiwa, na hata kwenye misiba ya ndugu zetu tunakaliwa mbali. Ila hatuna haja. Evelina akimaliza kusafisha kidonda, anafunga mlango, analala upande wa kushoto wa mumewe, na wanalia wote wawili, hadi yaishe ya siku hiyo. Kisha anaosha uso, anapika. Presha yake haijapanda. Kidonda hakijafunga, na daktari ameshamwambia asikitegemee kufunga. Hilari sasa hata Noela anamnyanyua peke yake.

Mtaa umezoea. Kilio kikianza, Noela hutoa kichwa dirishani, mkono mmoja ukiwa tayari kwenye mkeka, ananiita:

"Bibi! Leo ni kweli, au ni kile cha kawaida?"

"Cha kawaida," namjibu.

Lakini mimi husikiliza kwanza, nihesabu sauti kama ziko mbili, ndipo nimjibu.